Kwa Nini Mwanao Hakugonga

Dada yangu wa pekee,

Shikamoo, na uipokee ukiwa umekaa, maana barua hii ni ndefu na magoti yako nayajua. Natumaini u mzima, presha imetulia, na lile jino bovu limekubali kung'oka badala ya kukaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga. Mimi mdogo wako ni mzima, yaani natembea, nakula, na bado wapo wanaonichukia. Macho yananisumbua kidogo, kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima usidhani nimelewa. Darasa la nne niliacha kwa hiari ya mwalimu, si kwa hiari yangu, na wewe ndiye uliyenibebea daftari hadi nyumbani siku ile, wewe ukilia, mimi nikicheka.

Barua zako tatu nimezipata. Simu zako nimeziona pia, nikaziacha ziite mpaka zichoke zenyewe. Usikasirike. Kwenye simu hunipi nafasi. Mimi nikisema neno moja wewe umeshalia maneno kumi. Karatasi haikatizwi. Barua zote tatu zinauliza jambo lile lile: mtu akibanwa mkono mle kizimbani hugonga kwa kiganja mara tatu, akaachiwa, akaenda kwao na mkono wake. Hata watoto wanalijua hilo. Sasa kwa nini mwanangu hakugonga, akangoja mpaka mfupa ukatike? Nitakujibu, ila nitaanzia mbali kidogo, kama mpishi aliyeunguza chakula anayeanza kwa kusifu maji ya kunywa.

Kwanza hali yake. Anakula, analala, anawatania manesi. Mkono wa kulia umevunjika kiwiko. Daktari ametia vyuma viwili na skrubu saba, na amesema kijana atashika kikombe, atafunga vifungo vya shati, lakini ngumi hatarusha tena maisha yake yote. Basi hilo ndilo baya kuliko yote, nimelisema mapema ili usilitafute huko chini.

Unakumbuka ulivyonituma. Alipoacha kazi ya kubeba saruji na kukutangazia kwamba sasa atapigana kwenye kizimba, ngumi, mateke, mieleka na kabali vyote pamoja, ulikuja hadi kwenye meza yangu ya viatu. Uliniambia mimi ni mwongo, mvivu na mpenda shari, lakini mjomba ni mama asiye na maziwa, kwa hiyo niende naye. Ukaweka sharti moja tu: akizidiwa, nimtoe, na mifupa yake nikurudishie yote kama ilivyotoka kwako. Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa na misumari mdomoni, hata kukataa nisingeweza.

Kocha wake, mzee mwenzangu mwenye masikio yaliyojikunja kama ngozi iliyosahauliwa juani, alitazama vidole vyangu akasema vinafaa. Akanifanya fundi wa damu. Ndiyo kazi niliyokuwa nikikuandikia kwa maringo bila kukueleza. Kabla ya pambano namfunga mikono kwa bendeji, nikipitisha kati ya kidole na kidole kama nashona soli. Raundi ikiisha napewa dakika moja. Nafuta, natia pamba yenye dawa ndani ya jeraha, nakandamiza, nagandamizia chuma cha baridi palipovimba, napaka mafuta mazito ili ngumi iteleze. Kiatu kinangoja. Nyama haingoji.

Pambano lake la kwanza alikutana na mchomeleaji mageti. Yule bwana alimrukia kwa goti likampata mdomoni, nikaona kinga ya meno inaruka na damu nyuma yake kama mkia. Nikasema basi, tumekwisha, twende nyumbani kwa mama. Mwanao akatema, akamkumbatia kiunoni, akambeba juu na kumbwaga mpaka mbao za chini zikalia, kisha akamkalia kifuani akimtwanga viwiko. Mchomeleaji alitoka amefumbata meno yake mawili, akiyatazama kama mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nani. Tangu siku hiyo wakamwita Kokoto, kwa sababu akishaingia kwenye kiatu chako hutembei.

Sasa nikuungamie kidogo, hili ni dogo. Nilikuwa nakuandikia kwamba wakati wa mapambano nafumba macho nikiomba. Sikufumba jicho hata moja. Pambano la sita, kiwiko kilimpasua nyusi hadi nikaona mfupa, mweupe kama yai. Nikatia kidole gumba mle ndani kuzuia damu, akaniuliza ni kubwa? Nikamwambia kakwaruzwa na mbu. Akarudi, akampiga yule mtu teke la shingo, mtu akalala akiwa bado amesimama, halafu akaanguka mzima mzima kama kabati. Mimi nilikuwa juu ya kiti, mzee mzima mwenye wajukuu, nikipiga kelele tena! tena! Refa alinitazama kwa aibu. Ndivyo nilivyokuwa nikiomba, dada.

Alishinda kumi na moja mfululizo. Ndipo akapewa kupigania mkanda wa ubingwa, na aliyekuwa nao ni Bawabu.

Lazima nikueleze huyu mtu. Anaitwa hivyo kwa sababu kazi yake ni kusimama mlangoni kwenye ukumbi wa sherehe, kuwakaribisha wageni na kuwatoa walevi. Mpole kama blanketi. Alikuwa bingwa miaka mitano na alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikizungumzwa kila ukumbi wa mazoezi: akikukaba, akahisi tu umegonga, anakuachia hapo hapo. Hamngoji refa. Kocha wetu alisema huo ni ugonjwa, kwamba mtu huachii mpaka refa akuguse bega, la sivyo siku moja utajuta. Bawabu alikuwa akijibu kwamba hawezi kuendelea kumnyonga mtu aliyekwisha kusema tafadhali.

Pambano lilikuwa Jumamosi mchana, kwenye ghala la zamani lenye mabati, joto la kuchemsha uji. Raundi ya kwanza Bawabu alimpiga mwanao mateke ya paja mpaka paja likawa zambarau. Ya pili, mwanao akamvunja pua. Nilisikia ilivyolia, nikafurahi. Ya tatu waligongana vichwa, damu zikachanganyika, ukimfuta mmoja umemfuta na mwenzake. Raundi ya nne mwanao akateleza kwenye damu hiyo hiyo. Bawabu akampanda mgongoni, akamzungushia miguu kiunoni, akaingiza mkono chini ya kidevu. Kabali kamili. Wakaviringika hadi kwenye kona yetu, wakaegemea wavu mbele ya pua yangu. Niliona uso wa mwanao unakuwa rangi ya bilinganya. Macho yalinitazama mimi, kisha hayakutazama chochote.

Halafu Bawabu akamwachia. Akainua mikono yote miwili juu, akaanza kuinuka, anatabasamu na pua yake iliyopinda. Refa alikuwa upande wa pili, amepiga magoti anachungulia uso wa mwanao, hakuwa amesimamisha chochote, akabaki ameduwaa. Na mwanao, pumzi ikamrudia, hajui yuko wapi wala leo ni siku gani, akageuka akarusha ngumi ya kulia kutoka sakafuni. Ilimkuta Bawabu taya, mikono ikiwa bado hewani. Taya lilihama upande, dada. Akadondoka, na mwanao akampiga tatu nyingine chini kabla hajavutwa.

Bawabu, alipoweza kusema, alisema kijana amegonga. Amegonga mara tatu, nimehisi kwenye paja langu, ndiyo maana nimemwachia. Wakatazama picha zote. Mkono wa kushoto wa mwanao ulikuwa umefichwa kati ya miili yao na wavu, na upande wetu mgongo wa kocha ulikuwa umeziba. Wakubwa wakakaa kikao, wakatoka na neno moja: pambano haliishi mpaka refa alimalize, kama bingwa ameachia mwenyewe shauri yake. Mkanda ukafungwa kwenye kiuno cha mwanao. Nawe ulipiga vigelegele simuni mpaka sikio langu likaziba.

Siku ile ile, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikimkata bendeji kwa mkasi, aliniuliza kwa sauti ya chini. Mjomba, nilipokuwa gizani, mkono wangu uligonga? Nikamjibu kwamba sikuona.

Watu wa mji huu wana midomo, lakini walipochoka na midomo walitumia vidole. Akiingia hotelini kunywa chai, meza ya pembeni inaanza: ta, ta, ta. Meza ya pili inapokea. Muuza matunda anagonga ubao wake, kondakta anagonga bati la basi, mtoto anagonga kikombe. Hakuna anayemtukana, hakuna wa kumpiga. Ta, ta, ta tu. Nilimkuta siku moja nyumbani ameweka mkono wa kushoto mezani anautazama, kama baba anayetazama mtoto aliyeiba kwa jirani. Aliniambia kwamba yeye mwenyewe hakumbuki kugonga, lakini Bawabu hajawahi kusema uongo, kwa hiyo lazima mkono uligonga bila kumwuliza mwenyewe. Kwa hiyo yeye ni mwizi. Aligonga, akasamehewa, kisha akamvunja taya aliyemsamehe.

Alipigana mara mbili baada ya hapo, ukaniandikia kwamba unamwona redioni anazidi kuwa mkali. Kwanza, dada, redioni huoni mtu. Pili, haukuwa ukali. Alikuwa anashusha mikono apigwe. Nilimshona nyusi zote mbili, mdomo, na sikio lililoachana na kichwa. Kila nikimwuliza kwa nini hajikingi, anasema acha tu mjomba, acha wapige. Kisha akishatosheka anawavunja. Mmoja alitoka kwa machela anatapika.

Ndipo likaja pambano la marudiano na Bawabu, Jumapili ile. Mwanao mwenyewe ndiye aliyeliomba.

Nilipokuwa namfunga bendeji aliniambia mambo mawili mbele ya kocha. La kwanza, taulo lisiwe begani kwangu. Unajua mtu wa kona akitupa taulo ndani, pambano limekwisha. Akasema leo atakayetupa taulo si ndugu yake tena. Kocha akalichukua, akalikalia. La pili akasema polepole, akinyoosha vidole nipitishe bendeji: leo mkono huu hautagonga. Hata ukatwe. Mara moja ulinisaliti, inatosha. Mimi nikaendelea kupitisha bendeji, kidole na kidole, kidole na kidole. Nilikuwa na pumzi kifuani na ulimi mdomoni. Nikamwambia kaza ngumi nione kama haibani.

Raundi mbili za kwanza zilikuwa machinjio. Taya la Bawabu lilikuwa limeungwa kwa waya, na mwanao hakulipiga hata mara moja. Alipiga mbavu, ini, mapaja, mpaka yule bwana anakohoa damu. Bawabu naye alimpasua paji la uso kwa kiwiko, damu ikaingia machoni, nikaifuta, ikarudi, nikaifuta. Raundi ya tatu Bawabu akaunasa mkono wa kulia. Akaubana katikati ya mapaja, akalala chali, akainua nyonga. Mkono ukanyooka. Kila aliyekuwa mle alijua pambano limekwisha, ni suala la kugonga tu.

Mwanao hakugonga. Nilisikia Bawabu anamwambia gonga, kaka, gonga, nakuomba. Mwanao anatikisa kichwa, amefumba macho. Bawabu anamtazama refa, anamlilia alisimamishe pambano. Refa anasita, maana anaona mwanao bado ana akili zake. Mimi niliruka kumnyang'anya kocha taulo, akaniangusha kwa bega. Nikiwa chini pale nikasikia. Ni mlio wa kisigino cha mbao cha kiatu kinapong'oka pamoja na misumari yake. Mkono ukapinda upande ambao Mungu hakuuumbia kupinda. Mwanao hakulia. Aliyelia ni Bawabu.

Sasa tumefika, dada. Vuta pumzi.

Mkono wa mwanao haukugonga mwaka jana. Uliogonga ni wangu.

Walipoviringika hadi kwenye kona yetu, paja la Bawabu lilibanwa kwenye wavu mpaka nyama ikatokeza kwenye matundu. Matundu yale yanapitisha vidole viwili. Nilikuwa na taulo begani. Ningelitupa, ahadi yako ingetimia: mwanao hai, mifupa yote ipo, mkanda umekwenda. Nililishika kabisa, nakuapia. Lakini nilitaka vyote viwili, mifupa yako na mkanda wangu. Nikapitisha vidole nikagonga paja lile mara tatu, kama ninavyogonga soli nikiangalia kama imeshika. Ilikuwa utundu, dada, wa nusu dakika, kama ule wa kumtilia mwalimu chumvi kwenye chai. Sikujua yule mtu angemwachia kweli. Hapana, huo nao uongo. Nilijua. Kila mtu alijua tabia yake. Ndiyo maana nilimgonga yeye.

Halafu nikanyamaza mwaka mzima nikisikia mji mzima unamgongea mwanao meza. Kila siku nilisema kesho. Siku ya bendeji nilikuwa na neno moja tu la kusema, nalo lingemwokoa mkono, nikamwuliza kama inabana.

Nimemwambia juzi asubuhi. Nilisimama miguuni pa kitanda, nikasema. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza, kwa hiyo mimi sikugonga? Nikasema hukugonga, mwanangu, hata kidogo. Dada, alicheka. Alicheka mpaka machozi, mpaka dereva mmoja aliyelala kitanda cha pili, mguu umening'inizwa, naye akacheka bila kujua kinachochekesha. Sikugonga! Sikugonga bwana! Nesi akaja mbio akidhani amechanganyikiwa. Kisha akataka kujifuta machozi, akainua mkono wa kulia, plasta ikagonga chuma cha kitanda. Akautazama. Kicheko kikakatika kama redio iliyochomolewa.

Akaniuliza kama siku ile ya bendeji nilimsikia alivyosema. Nikasema nilimsikia. Hakupaza sauti. Alisema nitoke, na nisirudi mbele yake mpaka nimeenda kumwambia yule aliyevunjwa taya kwa ajili yangu.

Nilikwenda. Bawabu alikuwa kazini, mlangoni pa ukumbi, amevaa koti lenye vifungo vikubwa, anawakaribisha watu. Alinipa kiti, akaniita mzee. Nikamwambia yote nimesimama. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na taya lake linalia kidogo akimeza mate. Akaomba kuona mkono. Akavishika vile vidole viwili, akavigeuza kama mtu anayekagua funguo, nikajiambia haya, hapa ndipo navyo vinakwenda. Akaviachia.

Akasema kwamba mwaka mzima watu wamemwita mjinga. Mke wake, anayempenda, alimwuliza kwa upole kama labda aliota. Mwisho akaanza kuogopa ngozi yake mwenyewe. Kwenye mazoezi wenzake wakigonga anasita, anajiuliza kama ni kweli, ameshaumiza wawili. Na kabla ya marudiano aliapa mbele ya watoto wake kwamba safari hii hataachia mpaka refa amguse bega, hata aombwe vipi.

Umeona, dada? Mmoja ameapa hatagonga. Mwingine ameapa hataachia. Na aliyewaapisha wote wawili alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki cha kona na pamba mkononi.

Bawabu alivua koti lake, akalitundika kwenye kitasa cha mlango, akaondoka kwa miguu kuelekea hospitali. Nikamfuata nyuma kama mbuzi. Aliingia, mlango ukafungwa. Nilisikia sauti mbili, kisha kilio, sijui cha nani. Tangu juzi anakuja kila siku kabla ya zamu yake. Sasa hivi ninavyoandika yumo ndani anamlisha mwanao uji kwa kijiko, maana mkono wa kushoto bado unamwaga. Aliyemvunja mkono ndiye anayemlisha. Mimi niko nje kwenye benchi.

Kwa hiyo usinijibu barua hii. Panda basi uje. Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia waambie nimezidi kunenepa. Niombee msamaha kwa jirani yako, yeye anajua kosa ni lipi, na mengine mengi hayajui. Nakutakia safari salama na kiti cha dirishani.

Ukifika wodini utanikuta benchini, upande wa kulia wa mlango. Nipite tu, usinisalimie. Ingia kwanza kwa mwanao. Mimi nitangoja zamu yangu.

Ni mimi,
mdogo wako, fundi viatu.